Mahali Pasipoitika

Katika nchi ile mtu hakuzikwa, alifichwa. Maiti ilikwenda inakokwenda maiti, na hilo halikuwa na mjadala. Lakini jina lake, pamoja na kitu kimoja kidogo alichokishika sana mikononi, vilitiwa ndani ya kopo lenye kifuniko kisichoingiza maji, ukawekwa na ukanda wa karatasi nyeupe, na kopo likafichwa mahali. Kisha watu wakaambiwa: yuko huko, mtafuteni. Na watu walitafuta. Walikwenda siku za mapumziko na watoto wao, wakapapasa chini ya mawe na ndani ya mashina yenye mashimo, na aliyepata alifungua, akaandika jina lake kwenye ukanda, akafunga, akarudisha vilevile. Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kuendelea kuwapo. Aliyetafutwa alikuwapo. Asiyetafutwa alipungua, kwanza sauti, halafu uso, halafu mwendo, mpaka hata aliyelala naye kitanda kimoja akaja kujiuliza kwa nini godoro limebonyea pande mbili.

Mwasiti alikuwa na kopo la mumewe, Semboja fundi miavuli, na hakuwa na mahali pa kulificha. Hilo tu. Anayetaka kujua kisa chake asihangaike kutafuta kingine. Hawakujaaliwa mtoto, ndugu wa Semboja walitangulia, wateja wake waliikumbuka miavuli yao. Mtu pekee aliyembeba Semboja kichwani alikuwa ni yeye, na yeye alikuwa anavuja. Sauti ilikuwa imekwisha kwenda. Alijua kwamba mumewe aliimba akishona, lakini alipojaribu kuusikia wimbo alisikia cherehani peke yake. Uso ulikuwa bado upo, ila ulikuwa umeanza kugeuka upande, kama uso wa mtu anayeitwa na mwingine. Kopo lisipopata mahali kabla uso haujageuka wote, basi. Lingebaki kopo zuri, lililopakwa rangi ya gome la mti, na ndani yake kijiti kimoja cha chuma cha mwavuli, na hakuna mtu duniani ambaye angejua ni la nani.

Sheria ya kuficha ilikuwa moja, nayo ukiisikia mara ya kwanza huoni ukali wake: kopo lisikae mahali ambapo sauti ya kopo jingine yaweza kufika. Kwa hiyo mwenye kutafuta nafasi hakupima kwa kamba. Alisimama, akapiga hodi mara tatu. Pakiwa na mwenyewe, ardhi iliitika, Karibu. Pakiwa patupu, palikaa kimya. Sisi tumelelewa kwamba hodi tatu zisizojibiwa maana yake ni urudi ulikotoka. Kule maana yake ilikuwa umefika. Na katika maneno yote ya lugha yake, hakuna neno ambalo Mwasiti alikuja kuliogopa kama lile la kukaribishwa.

Alikuwa amekaribishwa kila mahali. Alikaribishwa na kalvati la barabara, na shina la mkwaju lililochomwa moto, na nguzo ya taa ambayo ndani yake palikuwa na kopo lisilozidi kidole. Alikaribishwa na kiti cha chuma cha bustani, ambapo mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa ameshikizwa kwa sumaku chini ya makalio ya watu, na bado aliitika kwa adabu. Wote waliitika kwa adabu. Wote, baada ya kuitika, waliuliza swali lile lile, "Umekuja kunitafuta mimi?" na Mwasiti akajibu, "Hapana, ndugu yangu, natafuta nafasi tu," na ardhi ikasema, "Ah," kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni ni wa jirani.

Njia za nchi ile hazikuwa na umri mmoja. Katika baadhi yake Mwasiti alikuwa msichana na kopo likamwelemea. Katika nyingine alikuwa bibi kizee na kopo lilikuwa jepesi kama pumba. Siku moja alipishana na nafsi yake kwenye njia panda, kila mmoja amelikumbatia kopo hilo hilo.

"Vipi huko utokako?" aliuliza yule kijana.

"Kumejaa," alijibu yule mzee. "Na huko?"

"Kumejaa."

Wakapeana pole, kila mmoja akashika njia ambayo mwenzake alikuwa ameimaliza. Haikuwapo sababu ya kufanya hivyo. Lakini miguu iliyozoea kutafuta haiulizi sababu, huuliza njia.

Katika safari hiyo alikuwa na mwenzake, Mkongea, mwanamke aliyemzidi umri, hai, mzima, mwenye meno yake yote isipokuwa yale aliyoyapoteza kwa ubishi. Kopo la Mkongea lilikuwa lake mwenyewe. Hakuwaamini watoto wake. Alisema wangemficha karibu na nyumbani ili wasichoke, pengine nyuma ya banda la kuku, na yeye hakukubali kutafutwa na kuku.

Walifika kilima chenye chemchemi. Palikuwa mahali pazuri kupita kiasi: maji, kivuli, mawe yaliyopangana kama yaliyosubiri kuficha kitu. Mwasiti alivuta pumzi.

"Ho—"

"Karibu, karibu, karibu sana!"

Sauti ilikuwa nene, iliyoshiba, nayo ilitoka kwenye mawe yote kwa mpigo. Walimjua. Nani asingemjua? Alikuwa Mtukufu, mwenye kuitawala nchi, ambaye alikuwa hai mjini akila chakula chake, na ambaye watu wake walikuwa wamemficha kwenye kila chemchemi, kila kilele, kila mlango wa shule. Mengi ya makopo yake hayakuwa na kitu ndani. Yalikaa tu, yakaitika.

"Huyu hata ukipiga chafya atakukaribisha," alisema Mkongea.

"Mmekuja kunitafuta mimi?" iliuliza chemchemi.

"Tukutafute umepotea? Jana nimekukuta nyuma ya choo cha soko, baba."

"Ni kweli," sauti ilijibu kwa fahari. "Na huko niko."

Mkongea alicheka mpaka akakaa chini. Mwasiti hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuchelewa kuhukumu. Hata uji ukimuunguza, aliuangalia kwanza. Alilitazama jiwe lililo karibu naye akafikiri: huenda naye anaogopa. Mtu asiyeogopa kwisha hana haja na chemchemi zote. Lakini yule anayepatikana kila mahali, nani atapata hamu ya kumtafuta? Na kama kuwapo ni kutafutwa, basi huyu aliyeijaza nchi yupo kweli? Na Semboja, ambaye hakujaza hata kitanda, ambaye alilala ukingoni kama mgeni, yeye hatakuwapo kwa sababu huyu asiyetafutwa amekaa mahali pote pa kutafutia. Aliligeuza swali hilo huku na huku. Halikuwa na upande wa kushikia.

Uso wa Semboja. Sikio moja limebaki. Shavu. Alikuwa na ndevu? Alikuwa na ndevu Ramadhani ile, kisha akazinyoa. Au yule alikuwa kinyozi. Mikono, ndiyo. Mikono ipo. Mikono inafungua mwavuli ndani ya nyumba na mimi nampigia kelele, usifungue ndani, unaleta mkosi, naye anasema. Anasema nini? Anasema.

"We mwanamke, unaongea na nani?" aliuliza Mkongea.

"Na mume wangu."

"Anajibu?"

"Midomo inacheza."

Mkongea aliacha kucheka. Alimshika mkono akamwinua, ingawa aliyekuwa chini ni yeye. "Twende kwa Mwangalizi," alisema. "Ukiona midomo inacheza bila sauti, shoga yangu, ujue hapo huna tena muda wa kupiga hodi kwenye kila kichaka."

Mwangalizi wa Nafasi alikaa ndani ya chumba kisichokuwa na paa. Kazi yake ilikuwa kukubali au kukataa mahali palipopendekezwa, na mbele yake palitandikwa ramani ya nchi, ambamo kila kopo lilikuwa nukta. Nukta zilikuwa zimeongezeka mpaka ramani imekuwa nyeusi. Akaigeuza upande wa pili, nao ukawa mweusi. Alikuwa mtu mwenye huruma. Pengine hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa kuwa Mwasiti alikuwa amejiandaa kugombana na mtu katili.

"Shikamoo, mama," Mwangalizi alimwamkia Mkongea. Mkongea akaitikia marahaba, akamwambia moja kwa moja kwamba wanataka nafasi mbili, moja ya mtu na moja ya ubishi.

"Mama zangu, mimi sikatai," alisema Mwangalizi. "Mahali ndipo panapokataa."

"Na yale matupu ya bwana wako?" aliuliza Mkongea.

Mwangalizi alitazama juu, palipotakiwa kuwa na paa. "Yanaitika," alisema kwa sauti ndogo. "Sheria inasema linaloitika lina mwenyewe. Haisemi mwenyewe awe nani."

Kisha, kwa kuwa alikuwa na huruma, aliharibu kila kitu. Aliwaambia kwamba kuna mahali pamoja ambapo hapajaitika muda mrefu. Ni fremu ya mlango, imesimama peke yake kwenye uwanda wa majani makavu. Nyumba yenyewe iliondoka. Hakupenda kupataja, alisema, kwa sababu nafasi haziachwi wazi na mtu. Mahali hunyamaza pale aliyefichwa hapo anapokuwa hakutafutwa kabisa, akapungua mpaka hawezi kuitika. Na kati ya aliyekwisha na anayekaribia kwisha, mtu aliye nje ya mlango hawezi kutofautisha.

"Kwa hiyo utapiga hodi kama inavyopigwa," alimwambia Mwasiti. "Ya kwanza, kisha ungoje muda wa mgonjwa kuinuka kitandani na kufika mlangoni. Ya pili, ungoje vilevile. Ya tatu. Asipoitika, pachukue. Akiitika, hata kwa pumzi tu, fungua kopo lake, andika jina lako, mrudishe, uondoke. Jina moja linatosha kumrudishia nguvu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Kimya si utupu, mama."

"Nimekusikia."

Walitoka. Nje jua lilikuwa pale pale lilipokuwa asubuhi, au lilikuwa limezunguka na kurudi, hakuna aliyeuliza. Mkongea alisimama katikati ya barabara, akalitoa kopo lake kifuani, akalitazama kama mtu anayetazama kiatu kilichombana maisha yake yote. Kisha akaliweka chini, barabarani, wazi, bila hata jani la kulifunika.

"Unafanya nini?" Mwasiti aliuliza.

"Nimechoka kukaribishwa. Niache hapa hapa. Atakayenipiga teke atakuwa amenipata."

"Ukanda utalowa. Magari yatakukanyaga."

"Basi nitakuwa nimetafutwa na gari. Ni bora kuliko kuku." Alicheka, lakini kicheko kilikuja bila yeye, kama mbwa aliyemtangulia mwenyewe. "Nenda, mwenzangu. Nafasi ni moja na mimi bado nina pumzi. Nenda kabla mumeo hajageuka wote."

Mwasiti alitaka kumwambia neno la kuagana, na akatambua kwamba maneno yote ya kuagana aliyoyajua yaliahidi kuonana tena. Akamshika mkono tu. Mkongea akajilaza kando ya kopo lake, akajiegemeza kiwiko, akaanza kuwatania wapita njia.

Uwanda wa majani makavu haukuwa mbali, au ulikuwa mbali na miguu haikumwambia. Fremu ilionekana kwanza kama mtu aliyesimama. Ilikuwa ya mbao nzito, imepauka, kizingiti chake cha juu kimepinda kidogo, na ndani yake palikuwa na uwanda ule ule uliokuwa nje yake. Chini palikuwa na jiwe la kukanyagia, lililoliwa katikati na nyayo za watu wasiojulikana walikwenda wapi. Upepo ulivuma pande zote. Kwenye mlango haukuvuma.

Alisimama mbele ya jiwe. Alikusudia kufanya kama alivyoambiwa, na hilo alilishikilia baadaye, kwamba alikusudia. Lakini alipofungua kinywa, sikio la mwisho la Semboja lilianza kuondoka. Aliliona likiondoka. Likageuka taratibu, likawa kisogo, na kisogo ni cha mtu yeyote.

"Hodi hodi hodi," alisema Mwasiti.

Zipo hodi za namna mbili, na kila aliyelelewa vizuri anazijua. Ipo ya mtu anayeomba kuingia, na ipo ya mtu aliyekwisha ingia. Yeye mwenyewe, enzi za nyumba yake, aliwasema wageni wenye hodi ya pili hata baada ya wao kuondoka. Zilimtoka mdomoni zikiwa zimefungana, kama zilizosukumwa na moja nyuma yao. Uwanda ulizimeza. Hapakuitika. Akapiga magoti, akaliinua jiwe kwa vidole vyote kumi.

Chini yake palikuwa na kopo. Lilikuwa la zamani, la bati, kutu imelila kifuniko. Alijiambia: limekufa hili. Akalitoa, akaliweka mapajani mwake, na katika nafasi iliyobaki, iliyokuwa na umbo la kopo, akamweka Semboja. Alienea. Alienea kana kwamba shimo lilichimbwa kwa kipimo chake. Na papo hapo uso ulirudi, wote, na ndevu za Ramadhani ile, na kovu chini ya kidevu alilokuwa amelisahau hata kusahau kwamba amelisahau, na Mwasiti akatoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko.

"Karibu," lilisema kopo la bati mapajani mwake.



"Karibu, karibu," lilirudia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee sana, na ilikuja kwa vipande, kama mtu anayeongea akipanda ngazi. "Usiondoke, mwanangu. Nakuja. Miguu hii... nimesikia hodi nikasema, kuna mtu. Nikasema, leo kuna mtu. Nakuja."

Kifuniko kilifunguka bila kuguswa, au ni kutu iliyoachia. Ndani yake palikuwa na kifungo cha nguo na ukanda wa karatasi. Ukanda ulikuwa mweupe mwanzo hadi mwisho. Hajawahi kupatikana. Aliwekwa hapo na mtu aliyempenda, au na nyumba nzima ya watu waliompenda, nao wakaondoka na nyumba yao, na tangu hapo hapakuja mtu hata mmoja.

"Umekuja kunitafuta mimi?" aliuliza mwanamke mzee.

Penseli ilikuwa nyuma ya sikio la Mwasiti, kama ilivyo kwa watafutaji wote. Jina moja lingetosha. Angeandika herufi zake chache, angemrudisha mwanamke huyu chini ya jiwe lake, angelichukua kopo la Semboja na kurudi nalo barabarani, na kabla ya kufika kwenye barabara hiyo angekuwa amebeba kopo la mtu asiyemjua. Alimtazama Semboja pale shimoni. Semboja alikuwa na uso. Alitafuta ndani ya moyo wake haki ya upande mmoja na haki ya upande wa pili, kwa utaratibu, kama alivyozoea, na akazikuta zote mbili ni kubwa, zote mbili zimenyooka, wala hakuna hata moja iliyomwangalia yeye.

"Hapana, bibi," alisema. "Nimekosea mlango."



"Basi, samahani," alisema mwanamke mzee. "Nimekuchelewesha."

Hakusema tena. Mwasiti alilishika kopo lile mpaka bati likapoteza joto lote la mapaja yake. Kisha akaliweka kando, akalirudisha jiwe juu ya Semboja, akalikandamiza, akafukia pembeni kwa majani makavu, akasogea nyuma kutazama kama panajionyesha. Hapakujionyesha. Ilikuwa kazi safi. Alingoja kuiona furaha ikija, na badala yake alisikia kimya.

Kilitoka pale alipokuwa mwanamke mzee, kikapanuka. Katika nchi ambayo kila jiwe lilikuwa linaitika, kimya kilisikika mbali kuliko ngoma. Mwasiti alijua, kwa kuwa na yeye alikuwa ameishi kwa kukitegea sikio. Alipoinua macho, uwandani palikuwa na kijana mmoja anakuja, akitembea kama watembeavyo watafutaji wote, kichwa kimeinamia upande, na mikononi mwake alikuwa na kopo dogo la maziwa ya mtoto.

"Pana mwenyewe hapa," Mwasiti alimwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pana mwenyewe. Ni mume wangu, nimemweka sasa hivi."

Kijana alimtazama kwa huruma. Macho yake yalikuwa makavu, na midomo yake ilicheza, ikijaribu kushika umbo la mtu mwingine. "Wewe nakusikia, mama," alisema. "Yeye simsikii." Na hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa aliye hai hawezi kuitika kwa niaba ya aliyefichwa, na hata Mwasiti asingekubali ushahidi wa namna hiyo.

"Basi piga hodi. Lakini piga polepole, mwanangu. Nakuomba. Ngoja kati yake."

"Mtoto wangu anageuka, mama," alisema kijana, akasimama mbele ya jiwe.

Ndipo Mwasiti alipomkumbuka Semboja kamili kuliko alivyowahi kumkumbuka, jinsi nyumbani kwao mgeni alivyoweza kusimama nje mpaka akakata tamaa, kwa kuwa Semboja hakuitika hodi ya mtu yeyote kabla hajavaa shati. Kwanza alitafuta shati, akalikung'uta, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na ndipo, kwa upole wake ule, akasema karibu.

Alijitupa chini, akaweka mdomo kwenye jiwe.

"Itika," alisema. "Itika hivyo hivyo ulivyo, baba. Acha shati."

Juu ya kichwa chake kijana alikuwa amekwisha maliza ya tatu.